Saidi Mira Inasumbua? Anza na Dalili Kabla ya Kununua Nyingine

Mwaka jana jirani yangu wa hapa Tabata, Dar es Salaam, aliamka akakuta kioo cha saidi mira ya kushoto ya Toyota IST yake kimenyofolewa usiku. Vibaka waliondoka na kioo peke yake. Kava, mota na mguu vilibaki vizima kabisa. Asubuhi hiyohiyo akashuka kwenye maduka ya vipuri Gerezani, akarudi na saidi mira nzima ya mtumba. Kuja kuifunga, soketi yake ina pini 3 wakati ya gari ina pini 5. Fundi akakata nyaya, akaziunga kwa kukisia. Jioni ukibonyeza kushoto kioo kinapanda juu, na kujikunja ndiyo basi tena.

Alichohitaji ni kioo na kibao chake cha plastiki tu, kazi ya dakika 10 isiyogusa hata waya mmoja.

Nimefungua saidi mira nyingi, zangu na za watu, na kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni hilo: mtu ananunua kabla hajajua kilichokufa. Kwa hiyo humu nimepanga mambo kwa dalili. Tafuta ya kwako, anza na ukaguzi mwepesi, kisha shuka chini. Mifano mingi ni ya Toyota za Kijapani kwa sababu ndizo zilizojaa barabarani kwetu, ila Nissan, Honda na Mazda za kawaida hazipishani nazo sana.

## Vipande na majina yake

Neno "kioo" watu hulitumia pia kwa dirisha la gari. Humu nikisema kioo ni kile cha kutazama nyuma tu; dirisha nitaliita dirisha.

Nyuma ya kioo kuna kibao cha plastiki chenye klipu. Klipu hizo zinashika mota, ambayo ukweli wake ni mota mbili ndani ya kasha moja: ya juu na chini, na ya kushoto na kulia. Mota imefungwa kwenye fremu, na fremu imevalishwa kava lenye rangi ya gari. Kisha kuna mguu, unaoshika mlangoni. Kama saidi mira ni ya kujikunja kwa umeme, mota ya kukunja imekaa hapo kwenye kiungio cha mguu. Nyaya zote zinapita katikati ya mguu hadi kwenye soketi iliyojificha ndani ya mlango.

Idadi ya pini inakueleza mengi. Kwa Toyota nyingi za soko la Japani, pini 3 ni za kuchezesha kioo tu, na 5 ni za kuchezesha na kukunja. Pini 7 maana yake imeongezwa jozi moja, iwe ya indiketa au ya joto la kufuta ukungu, na 9 kwa kawaida zina vyote. Hesabu kabla hujatoka nyumbani, piga picha ya soketi, na andika herufi na tarakimu za mwanzo za namba ya chesisi zilizo kwenye kadi ya gari. IST ya NCP60 na IST ya ZSP110 zinaitwa jina moja, lakini saidi mira zake haziingiliani. Vivyo hivyo Vitz ya SCP10 na ya SCP90.

Vifaa: bisibisi ya nyota, bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa au kipande cha plastiki ngumu cha kubandulia, soketi ya kufungulia nati namba 10 yenye mkono mrefu, selotepu pana, glavu nene, miwani ya kukinga macho, na malitimita ya kawaida (kipimo cha umeme). Malitimita usiidharau. Bila hiyo, nusu ya kazi iliyoko chini inakuwa kubahatisha.

## Kioo kimepasuka, kimeibiwa, au gari za nyuma zinaonekana karibu kuliko ulivyozoea

Kilichopasuka au kuibiwa hakina fumbo. Swali ni moja tu: klipu na mota vimebaki salama? Kioo kikiwa hakipo, shika kisahani cha mota, yaani pale klipu zinaposhika, kwa vidole ukitikise taratibu. Kikiwa kigumu na kinarudi mahali pake, nunua kioo chenye kibao chake, basi. Kikiwa kinalegea kama jino bovu, au ncha za klipu zimekatika, kioo kipya hakitakaa, utakiokota barabarani. Hapo tafuta mota pia.

Kukitoa kioo kilichopasuka, bandika selotepu juu yake kwa msalaba ili vipande visikurukie, vaa glavu na miwani. Kisha subiri plastiki ipate joto. Hili nalisisitiza kwa sababu nililipia: Julai moja nikiwa Makambako nilivuta kioo saa moja asubuhi, baridi imeshika, na kibao kikakatika vipande viwili mkononi mwangu, kioo chenyewe kizima. Liache gari juani nusu saa, au tumia mashine ya kukaushia nywele dakika chache. Sukuma sehemu ya juu ya kioo iingie ndani mpaka ya chini itokeze, ingiza vidole chini yake, vuta kuelekea kwako. Utasikia "tak", halafu "tak" ya pili, na kioo kinalegea. Usikinyofoe moja kwa moja, kwani nyuma kunaweza kuwa na nyaya mbili za joto. Zichomoe kwa kushika vichwa vyake vya chuma, usivute waya wenyewe.

Kurudisha, lenganisha klipu na kisahani, weka kitambaa, sukuma kwa kiganja kilichofunguka katikati ya kioo. Ukisukuma kwenye pembe, kinapasuka. Sikiliza zile "tak" zirudi, kisha kichezeshe pande zote nne kabla ya kuondoka.

Sasa hili la gari za nyuma kuonekana karibu. Mtu akibadilisha kioo halafu akaanza kuona magari makubwa na eneo la kutazama limebana, sababu ya kawaida ni kwamba amewekewa kioo bapa. Kuna mafundi wanakata kioo cha kawaida cha ukutani kwa umbo la saidi mira na kukibandika kwa silikoni. Kinang'aa, ni rahisi kwa bei, na ni hatari. Vioo vya pembeni vya gari zetu vimebinuka kidogo ili uone eneo pana. Kanuni ya kimataifa namba 46 ya Umoja wa Mataifa inataka mbinuko wa kioo kikuu cha pembeni cha gari dogo uwe na nusu kipenyo kisichopungua milimita 1200. Kioo bapa cha ukubwa uleule kinaacha eneo kubwa la pembeni usilione, na hilo eneo ndilo bodaboda anapopita. Dereva aliyezoea kioo kilichobinuka, akiwekewa bapa upande mmoja, macho yake yanapima umbali kwa kipimo kimoja kushoto na kingine kulia.

Kipimo chake hakihitaji utaalamu. Chukua rula ya chuma, ilaze juu ya kioo kwa mapana. Kwenye kioo kilichobinuka rula inabembea, na ncha zake zinaachana na kioo milimita 2 hadi 3. Ikilala yote bila kuacha nafasi, ni bapa. Mimi dukani natembea na rula mfukoni na sioni haya kuitoa.

Angalia pia saidi mira iliyotoka kwenye gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani. Kule kioo cha upande wa dereva kwa kawaida ni bapa kwa kanuni zao, na usukani uko kushoto, kwa hiyo hata mkao wa kioo haukukusudiwa mtu aliyekaa kulia.

Simama hapa: kama kioo chako kinajififisha chenyewe taa kali za nyuma zinapokipiga, ndani yake kuna majimaji. Kikipasuka, majimaji hayo yanawasha ngozi na yanaweza kuharibu rangi ya mlango. Funika kwa nailoni, usiguse kwa mikono mitupu, mpelekee fundi.

## Ukibonyeza swichi, hakuna kinachotokea

Anza na mambo mawili ambayo watu huyaruka. Funguo iko kwenye hatua ya kuwasha redio au zaidi? Na kile kiteuzi cha kushoto na kulia, kimeegemea upande au kimesimama katikati? Kikiwa katikati swichi haitumi umeme popote. Nimewahi kuitwa Segerea siku ya Jumapili kwa ajili ya hilo, na mama wa watu alikuwa ameshatajiwa bei ya mota mbili.

Baada ya hapo jiulize: zimekufa zote mbili, au moja?

Zimekufa zote mbili. Mota mbili za pande mbili hazifi siku moja. Tatizo liko kabla ya nyaya hazijagawanyika.

Fyuzi ndiyo ya kwanza. Kwenye gari nyingi saidi mira zinachangia fyuzi na redio au tundu la kiberiti, kwa hiyo jaribu hivyo vingine: navyo vimezima? Chaja ya simu ya bei poa iliyochomekwa kwenye kiberiti huunguza fyuzi hiyo mara kwa mara. Mchoro wa fyuzi uko nyuma ya kifuniko cha kisanduku chake, ingawa gari za Japani mara nyingi mchoro una Kijapani. Katika hali hiyo chomoa moja moja utazame waya mwembamba wa ndani. Rudisha fyuzi ya ampea zilezile. Ikiwa ni ya 15, weka ya 15. Ukiweka ya 30 au karatasi ya sigara, kitakachoungua safari ijayo ni waya ndani ya dashibodi.

Fyuzi nzima? Basi swichi. Dirisha likiachwa wazi masika, maji yanatiririka kwenye swichi za mlango wa dereva na vikutanishi vyake vinaota kutu ya kijani. Bonyeza pande zote mara 20 au 30. Wakati mwingine inaamka kidogo, na hilo linakuthibitishia kwamba ndiyo yenyewe. Itoe, ipulizie dawa ya kusafishia vikutanishi vya umeme, iache ikauke, jaribu tena.

Imekufa moja tu. Kwa mpangilio wa uwezekano: soketi imelegea (hasa kama mlango ulifunguliwa hivi karibuni), waya umekatika kwenye mpira unaopita kati ya mlango na bodi, au mota imekufa.

Ule mpira ukiubonyeza unahisi kama mfereji wenye mikunjo. Nyaya zilizomo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa, na mlango wa dereva hufunguliwa kuliko yote. Mwambie mtu abonyeze swichi huku wewe ukifungua na kufunga mlango polepole. Kioo kikishtuka hata mara moja, waya umekatika humo ndani. Dalili nyingine ni dirisha au kitasa cha umeme cha mlango huohuo kuwa na tabia ya kukataa na kukubali.

Mota unaihukumu kwa malitimita. Fungua paneli ya mlango (maelezo yako mbele), acha soketi imechomekwa, gusa nyaya za mota kwa nyuma ya soketi huku msaidizi akibonyeza swichi. Ukipata takriban volti 12, na alama ya kujumlisha na kutoa inageuka anapobonyeza upande wa pili, umeme unafika. Kama kioo hakisogei na umeme upo, mota imekufa. Kama umeme haupo, usinunue mota.

Kioo kinachokubali juu na chini lakini kinakataa kushoto na kulia, mota moja kati ya zile mbili imekufa au njia moja ya swichi imechoka. Malitimita itakuamulia kwa njia ileile.

Simama hapa: fyuzi mpya ikiungua tena ndani ya siku hiyo, kuna waya umekwaruzika unagusa bodi. Acha fyuzi nje, mwite fundi umeme wa magari. Usiendelee kulisha fyuzi.

## Mota inalia lakini kioo hakiendi

Mlio ukiwa laini, "zzzz", mota inazunguka bila kushika kitu. Sababu ya kawaida ni kioo kutokaa sawa kwenye klipu, hasa kama kimetoka kubadilishwa. Bonyeza katikati kwa kiganja usikilize "tak". Ikikataa, kile kijiti cha plastiki chenye nyuzi kama za skrubu kinachosukuma kioo kimetoka mahali pake au kimekwisha.

Mlio ukiwa wa kugonga, "tk-tk-tk", meno ya gia yanarukana. Kama yanarukana mwisho wa mwendo tu, ni kawaida, mota imefika kikomo. Yakirukana katikati, meno yamelika, mara nyingi kwa sababu mtu amezoea kusukuma kioo kwa kidole badala ya kutumia swichi. Meno hayatengenezeki. Lakini mota pekee inapatikana kwenye mitumba, imeshikwa na skrubu tatu au nne nyuma ya kioo, na saidi mira nyingine haina sababu ya kununuliwa.

Fremu iliyojaa vumbi la barabara ya udongo nayo inazuia kioo. Anayeishi Goba au Kinyerezi anajua ninachosema. Toa kioo, ondoa vumbi kwa brashi kavu. Usipige grisi, inashika vumbi zaidi kuliko hapo mwanzo.

## Haijikunji, au inakunja nusu na kukwama

Karibu kila mara hii imesababishwa na mkono. Mhudumu wa maegesho au muosha gari ameikunja kwa nguvu saidi mira ya umeme, na kiungio kimeruka kutoka kwenye gia yake. Saidi mira inalegea, inapigwapigwa na upepo, lakini mota inasikika. Washa gari, bonyeza kukunja na kukunjua huku ukiishika saidi mira na kuisukuma kwa wastani kuelekea kule mota inakoivuta. Ikishika utasikia mlio mmoja mzito, "tok", na itasimama imara. Rudia mara tatu nne kabla ya kukata tamaa.

Isipolia kabisa, hesabu pini. Inawezekana uliyonunua haina mota ya kukunja.

## Kioo kinatetemeka, usiku taa za nyuma zinakuwa mistari

Simamisha gari, injini ikiwa inawaka, ugonge kioo kidogo kwa kidole. Kikitikisika chenyewe, fremu ikiwa imetulia, klipu hazijashika au kisahani cha mota kimelegea. Kioo kikiwa kimebandikwa kwa silikoni juu ya kioo cha zamani, uzito umekuwa mara mbili na mota haiwezi kuutuliza. Fremu nzima ikitikisika, shika mguu: nati tatu za ndani zimelegea, au mguu una ufa. Ufa wa mguu hujificha kwa chini. Piga tochi kutoka chini kwenda juu ndipo utauona.

Gundi kwenye mguu uliopasuka ni ya kukufikisha nyumbani tu. Mguu ndio unaobeba kila kitu.

## Bodaboda imepita nayo: kubadilisha saidi mira nzima

Saidi mira inaning'inia kwa nyaya. Kwanza itazame vizuri. Nyingi zimetengenezwa zikunjike mbele zikigongwa, na wakati mwingine ukiisukuma irudi inakubali bila madhara. Kava la rangi likipasuka peke yake, linatoka kwa klipu na linapatikana peke yake. Na ukinunua saidi mira ya mtumba ya rangi nyingine, usikimbilie kwa fundi rangi: hamisha kava lako la zamani ikiwa bado zima.

Ikibidi nzima, utaratibu ni huu.

Gari ikiwa na mito ya hewa ya pembeni, zima, toa funguo, chomoa kichwa cha hasi cha betri na subiri sekunde 90 kamili kabla ya kugusa mlango. Ni muda ambao Toyota wenyewe wanautaja ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa mito uishe. Soketi ya manjano popote utakapoiona, iache kama ilivyo.

Bandua kipembetatu cha plastiki kilicho ndani kwenye kona ya dirisha, mkabala na saidi mira. Nyuma yake utaona nati au bolti tatu, kwa Toyota nyingi ni namba 10. Baadhi ya gari soketi ya umeme iko papo hapo na una bahati. Nyingi zinataka paneli ya mlango itoke: tafuta skrubu iliyofichwa nyuma ya kitasa cha ndani na nyingine ndani ya kishikio cha kuvutia mlango, kisha bandua klipu ukianzia kona ya chini na kuzunguka. Paneli ikishaachia, inyanyue juu, usiivute kuelekea kwako, kwa sababu nyuma bado kuna soketi ya swichi za dirisha na kebo ya kitasa. Nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli ibandue taratibu kwenye kona tu, utaihitaji.

Kabla ya kulegeza nati, sokomeza kitambaa kwenye tundu la mlango lililo chini yake. Nati ikiponyoka bila kitambaa, inaanguka chini kabisa ya mlango na utaisikia ikigongagonga kila kona hadi uifungue paneli tena. Legeza zote tatu, lakini ukifika ya mwisho, ishike saidi mira kwa nje kwa mkono mwingine. Ni nzito kuliko inavyoonekana na ikidondoka inachukua rangi ya mlango.

Hakikisha ule mpira bapa unaokaa kati ya mguu na mlango umehamia kwenye mpya. Funga nati kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka mguu ulale sawa. Mguu ni wa aloi laini au plastiki. Ukikaza kama nati za tairi utaukata. Chomeka soketi, rudisha betri, jaribu kila kitu kabla ya paneli kurudi: pande nne, kukunja, indiketa, joto.

## Matatizo yanayozaliwa baada ya kubadilisha

Mluzi wa upepo kuanzia kilomita 80 kwa saa: ule mpira bapa umesahaulika au umejikunja, au kipembetatu hakijabanwa. Bandika selotepu kuzunguka mguu uendeshe. Mluzi ukikoma, umepata mahali pake.

Maji sakafuni baada ya mvua: nailoni ya mlango haikurudishwa au imechanika. Mlango wa gari kwa kawaida huingia maji na kuyatoa kwa matundu ya chini, na nailoni ndiyo inayoyazuia yasije kwako. Ibandike upya kwa gundi yake, na zibua matundu ya chini kwa njiti.

Dirisha limekufa: hukuchomeka soketi ya swichi. Dirisha linapanda lakini halipandi lenyewe kwa bonyezo moja kama zamani: betri ilipochomolewa lilisahau mipaka yake. Kwa gari nyingi, lipandishe hadi juu na uendelee kushikilia swichi sekunde chache, kisha jaribu.

Kioo kinaenda kinyume cha unachobonyeza: nyaya za mota zimebadilishana, nayo hutokea pale soketi ilipokatwa. Usiwahi kukata soketi. Ya gari isipoingia kwenye ya mpya, ama umeuziwa ya toleo lingine, ama hamisha mota na nyaya za zamani kwenye fremu mpya.

## Ukungu na indiketa

Wa Dar hawatajali, ila mtu wa Mbeya au Limuru anajua asubuhi ya ukungu ilivyo. Joto la kioo kwenye gari nyingi linawashwa na kitufe kilekile cha kufuta ukungu wa dirisha la nyuma, na lina fyuzi yake. Lisipofanya kazi baada ya kubadilisha kioo, yawezekana kioo kipya hakina ile karatasi ya joto nyuma yake. Ikiwepo, pima kwa malitimita kati ya vichwa viwili: ohm chache ni nzima, bila mwisho ni imekatika.

Indiketa ya gari ikipepesa haraka, tafuta kwanza balbu ya mbele au ya nyuma iliyoungua. Taa ndogo ya kwenye saidi mira si ya kwanza kushukiwa.

Simama hapa: saidi mira yenye kamera chini yake, au kitaa kinachowaka gari lingine likiwa kwenye eneo usiloliona. Kuifunga unaweza. Kuipanga kamera ione sawasawa kunahitaji kompyuta na vipimo vya sakafuni, na kamera iliyopinda inakuonyesha nafasi ambayo haipo.

## Kioo kinaibiwa tena na tena

Sababu ni zile klipu: zilitengenezwa ili kioo kitoke kwa urahisi. Wengi wanachora namba ya gari kwenye kona ya kioo, na nakushauri ufanye hivyo, kwa herufi ndogo, kona ya chini upande wa mlango, zisikuzibe. Ukiwa unanunua na ukaona kona imesagwa kufuta namba, kiache. Kupokea mali ya wizi ni kosa, na hapo ndipo cha kwako kinapoishia pia.

Wengine wanapiga ribiti, yaani pini za chuma za kubana kioo kisitoke. Nimefungua nyingi zilizopigwa vibaya: msumari umepita kwenye kasha la mota, au umeshika kioo na fremu pamoja kisicheze tena. Ukiamua kupiga, toa kioo kwanza, tazama mota imekaa wapi, na ribiti ishike kibao kwa kipande cha waya laini chenye ulegevu. Kabla ya kufunga ya pili, washa gari na upeleke kioo mwisho wa pande zote nne. Waya ukikaza kabla mota haijafika mwisho, urefushe.